Kabla Hujapanda Boti Kwenda Kupiga Ultrasaundi

Mwanamke wa Mtangawanda aliyeandikiwa ultrasaundi ya nyonga hapangi safari yake kwa saa ya ukutani peke yake. Boti ya kwenda Amu hufuata maji. Pale Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakipwa chombo hungoja, na anayetaka kurudi siku iyo hiyo lazima ajue kama ni bamvua au maji mafu. Nauli ya kwenda na kurudi, pesa za kipimo, chakula cha mchana, mtoto aliyeachwa kwa nyanya yake, na mara nyingi mtu wa kumsindikiza ambaye naye atalipiwa: hiyo ndiyo bei halisi ya ile karatasi moja anayorudi nayo. Basi makala haya namwandikia yeye hasa, pamoja na wenzake wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, ingawa msomaji wa Mombasa au Tanga mwenye mashine mtaa wa pili hatakosa la kuchukua.

Ninachotaka kumwambia ni kwamba ultrasaundi hujibu swali lililoulizwa. Mtu akienda bila swali, na bila tarehe ya hedhi yake, atarudi na picha ambayo daktari mwingine ataitazama, ataiweka kando, na kumwandikia nyingine.

Swali huanzia kwa tabibu aliyekuandikia kipimo. Ikiwa kwenye fomu ameandika "maumivu ya tumbo" tu, mpimaji atalitazama tumbo kwa jumla, atakipitia kizazi haraka, na huenda akaandika kuwa hakuona tatizo. Mwombe tabibu aongeze maneno machache. Hedhi inatoka kwa mabonge tangu baada ya uzazi wa mwisho. Maumivu yako upande wa kulia na huanza siku mbili kabla ya damu. Ameolewa miaka mitatu na hajashika mimba. Alikoma hedhi, sasa damu imerudi. Hayo ni mambo manne tofauti, na kila moja lina mahali pake pa kuangaliwa kwa utulivu zaidi. Wala usiishie kusema una chango. Anayelalamikia chango anaweza kuwa na maumivu ya kawaida ya hedhi, faibroidi, endometriosisi au maambukizi. Mweleze tabibu dalili zenyewe, zinaanza lini na zinakuzuia kufanya nini.

Ukishaingia chumbani, jambo la kwanza utakaloulizwa ni siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ile inayoandikwa LMP kwenye fomu. Wengi hujibu, "Mwezi uliopita, karibu na mwisho." Hunishangaza jibu hilo, maana mwanamke wa kwetu anayesali huzihesabu siku zake kwa makini sana. Anajua damu ilianza baada ya adhuhuri, anajua ilikatika lini na alioga josho lini, na ikizidi ada yake anajua hiyo ni istihadha na sala haimwondokei. Hesabu hiyo hiyo ndiyo anayoitaka mpimaji. Iandike kwenye simu kwa tarehe za miezi mitatu ya karibuni: damu imeanza lini, imekatika lini, na kama kulikuwa na matone katikati. Ukifika huko huna haja ya kukumbuka chochote.

Tarehe inabadilisha maana ya namba. Chukua utando wa ndani ya kizazi, ule unaomomonyoka kila mwezi na kutoka kama hedhi. Wakati wa hedhi na mara tu baada yake huwa mwembamba, milimita 1 hadi 4. Siku chache kabla ya hedhi nyingine unaweza kufika milimita 16, na zote mbili ni hali za kawaida. Utando wa milimita 14 kwa mwanamke aliye siku ya 24 ya mzunguko wake si habari. Milimita hizo hizo kwa mama aliyekoma hedhi miaka mitano iliyopita na sasa anaona damu ni habari kubwa, kwa kuwa kwake yeye ukipita milimita 4 tu lazima kipande kichukuliwe kikapimwe kama kuna saratani. Mashine ni ile ile na namba ni ile ile. Kilichotofautiana ni kalenda na umri.

Kama hakuna dharura, omba tarehe inayoangukia siku ya 5 hadi ya 10, ukihesabu kuanzia siku damu ilipoanza. Wakati huo utando ni mwembamba, na uvimbe mdogo ulio ndani ya kizazi hauna pa kujificha. Lakini hedhi ikikushika ukiwa tayari njiani usigeuze safari. Kipimo kinafanyika hata ukiwa mwezini, mradi umwambie mpimaji. Ramadhani nayo ina lake, kwa sababu ya maji ya kunywa. Kisicho cha haraka kinaweza kungoja Idi ipite. Cha haraka hakingoji, na mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa siku yake baadaye.

Nimeyataja maji. Kwa ultrasaundi inayopimwa juu ya tumbo, kibofu kinatakiwa kijae, kwa sababu mawimbi ya mashine hii hayapiti vizuri kwenye hewa, na utumbo umejaa hewa. Kibofu kilichojaa huusukuma utumbo kando na kuacha njia ya maji hadi kwenye kizazi. Kiasi kinachotosha ni nusu lita hadi lita moja, kama saa moja kabla ya kupimwa. Balaa ni kwamba wengi huambiwa "uje na mkojo" bila maelezo zaidi, wakaanza kunywa wakiwa bado gatini Mtangawanda. Chombo kinapofika katikati ya Mkanda, wanaume wamejaa mbele na nyuma, majuto ni makubwa. Jisaidie kabla ya kupanda. Njiani kunywa kwa kiu tu. Chupa ya lita uifungue ukishafika hospitali, ukajiandikisha, ukajua uko wa ngapi kwenye foleni. Na ikiwa foleni imesimama na kibofu kinakutoa jasho, waambie, upunguze kidogo. Kibofu kilichojaa kupita kiasi hukikandamiza kizazi na kuvuruga vipimo.

Nguo nazo zina maana. Gauni refu la kipande kimoja litapandishwa lote hadi kifuani. Sketi na blauzi chini ya buibui vinatosha kukufunua pale tu panapohitajika, kuanzia kitovuni hadi kwenye kinena. Chukua leso moja ya ziada ya kujifunika miguu, na kitambaa cha kufutia jeli, kwani karatasi za hospitali huisha. Jeli hiyo ni ya baridi na inateleza. Kazi yake ni kuziba hewa kati ya ngozi na kifaa. Mpimaji atakibonyeza kifaa juu ya mfupa wa kinena, atakiinamisha huku na huku, kisha atasimamisha picha. Kwenye kioo utaona misalaba miwili midogo ikiunganishwa na mstari wa nukta, na pembeni namba. Huo ndio upimaji wenyewe: msalaba mmoja ukingo huu, mwingine ukingo ule, na mashine inasoma sentimita. Mkono ukiteleza kidogo, namba nayo hubadilika, na jambo hilo tutalirudia mbele.

Kuna kipimo cha pili, cha ukeni. Kifaa chake ni chembamba, huvalishwa kondomu mpya kwa kila mgonjwa, hupakwa jeli na kuingizwa sentimita chache. Hapo kibofu hutakiwa kiwe tupu. Picha yake ni kali zaidi, kwa kuwa kifaa kiko karibu na kizazi na hutumia mawimbi ya masafa ya juu zaidi, kwa kawaida kati ya megahezi 5 na 9, wakati kile cha juu ya tumbo ni kama 2 hadi 5. Kwa utando wa kizazi, ovari, na mimba changa sana, hiki ndicho bora. Lakini hakuna anayeweza kukufanyia bila idhini yako. Una haki ya kuuliza kama yupo mpimaji mwanamke, ya kuwa na mwenzako chumbani, ya kukiingiza kifaa kwa mkono wako mwenyewe, na ya kukataa kabisa ukapimwa juu ya tumbo. Aliyekeketwa akashonwa aseme mapema. Atapimwa kwa njia ya juu bila maswali mengi.

Kwa msichana ambaye hajaolewa, kipimo ni cha juu ya tumbo, basi. Hakigusi ubikira wake wala hakiuchunguzi. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo kina mama wanaomficha binti anayezimia kwa maumivu kila mwezi, wakichelea watu waseme, "Fulani kampeleka mtoto ultrasaundi, bila shaka ana mimba." Midomo ya watu haimtibu binti. Mpeleke.

Ni vyema pia kujua mashine inaona nini. Inatoa sauti ya juu mno ambayo sikio halisikii, kisha inasikiliza mwangwi unaorudi, kama kile kifaa cha kutafutia samaki ambacho baadhi ya wavuvi wetu hufunga kwenye boti. Maji huonekana meusi, nyama huonekana kijivu, mfupa na gesi hung'aa na kuacha kivuli nyuma yake. Hakuna mionzi kama ya eksirei, na hiyo ndiyo sababu hutumika hata kwa wajawazito. Aliyeifanya iwe kazi ya kina mama ni Ian Donald, daktari wa Glasgow, Uskoti, ambaye katikati ya miaka ya 1950 alikijaribu kifaa cha kiwandani kilichotengenezwa kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mwaka 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na Tom Brown, walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwako mwanamke aliyeambiwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mwangwi ulionyesha maji matupu: ulikuwa uvimbe mkubwa wa maji wa ovari. Ulitolewa, akapona. Tangu siku hizo hadi leo, kutofautisha maji na nyama ndiko kunakofanywa vizuri zaidi na mashine hii. Kinachozidi hapo kinategemea macho na uzoefu wa aliyeishika.

Sasa ripoti. Kenya huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kitabibu, na wengi hupewa ndani ya bahasha bila neno. Mwombe mpimaji au tabibu akupitishe mstari kwa mstari. Kizazi cha mwanamke mzima asiye na mimba huwa na urefu wa sentimita 7 au 8, na upana wa 4 au 5. Aliyezaa mara kadhaa huwa nacho kikubwa kidogo, na neno la kusema kizazi ni kikubwa, kama hakuna lingine lililoandikwa, lisikutishe. Ukikuta neno linaloanza na "retro", maana yake ni kwamba kizazi chako kimelalia nyuma badala ya mbele. Karibu mwanamke mmoja kati ya watano yuko hivyo, wengi wao wamezaa watoto wao bila taabu. Hakihitaji kunyooshwa. Anayekukanda tumbo kwa mafuta ili "kukirudisha" anakupa raha ya kukandwa, na raha ina nafasi yake, lakini asikukande kama una uvimbe wa ovari au shaka ya mimba. Uvimbe unaweza kupasuka au ovari ikajisokota.

Maji kidogo nyuma ya kizazi huandikwa mara nyingi na mara nyingi hayana maana, hasa baada ya yai kupevuka. Hapa niseme jambo linalonikera. Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki, mwanamke mwenye maji hayo kidogo huambiwa ana maambukizi ya nyonga na kurudi nyumbani na mfuko wa antibiotiki, mwezi huu na mwezi ujao. Maambukizi ya nyonga hutambuliwa kwa dalili na kwa uchunguzi wa mkono: maumivu kizazi kinapoguswa, homa, uchafu wenye harufu. Ultrasaundi inaweza kuonyesha usaha au mrija uliojaa maji, maambukizi yakiwa yamefika mbali. Mara nyingi haionyeshi chochote. Ukiandikiwa dawa kwa sababu ya picha peke yake, uliza, "Umeona nini kingine?" Na kama maambukizi yapo kweli, mume naye hutibiwa, vinginevyo mnarudishiana.

Uvimbe wa maji kwenye ovari ndio unaowakosesha usingizi wengi, ilhali wengi wao hauwadhuru. Kila mwezi ovari hukuza kifuko cha yai hadi kufikia kama sentimita 2 au zaidi kidogo kabla hakijapasuka. Mpimaji asiyejua tarehe zako anaweza kukiandika kuwa uvimbe. Hata uvimbe halisi wa maji matupu, wenye ukuta mwembamba, ukiwa chini ya sentimita 5 kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kwa kawaida hutoweka wenyewe ndani ya mizunguko miwili au mitatu. Wa sentimita 5 hadi 7 hufuatiliwa kwa kupimwa tena mwaka ukizunguka. Unaozidi 7, au wenye vipande vya nyama ndani, kuta nene, damu inayopita kwa wingi, au maji mengi tumboni, huo ni wa kupelekwa kwa daktari bingwa wa kina mama. Aliyekoma hedhi ana hesabu yake tofauti. Kwake hata mdogo huangaliwa kwa makini.

Na hapo ndipo wauzaji wa "dawa ya kuyeyusha uvimbe" wanapovuna. Utawaona kwenye simu wakiweka picha mbili, kabla na baada, uvimbe upo na uvimbe haupo, na bei chini yake. Picha zenyewe huenda ni za kweli. Uvimbe ule ungeondoka hata kama mama angekunywa chai ya tangawizi. Kwa faibroidi mchezo ni mwingine: picha ya kwanza imepimwa sentimita 5.4, ya pili 4.9 kwa mashine nyingine na mkono mwingine, na tofauti hiyo ya nusu sentimita inauzwa kama uponyaji. Kumbuka ile misalaba miwili. Ukitaka kulinganisha kwa haki, pimwa mahali pale pale, wakati ule ule wa mzunguko, na upeleke ripoti ya zamani.

Faibroidi ni nyama inayoota kwenye ukuta wa kizazi, na si saratani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huko huwa nazo wanapofika miaka 50, wengi bila kujua. Kwa hiyo kuambiwa unazo si hukumu ya kutolewa kizazi. Uliza mambo matatu: ziko ngapi, kubwa zaidi ni sentimita ngapi, na ziko wapi. La tatu ndilo zito. Ya sentimita 2 iliyochomoza ndani ya uwazi wa kizazi inaweza kukumwagisha damu na kuharibu mimba, wakati ya sentimita 8 iliyoning'inia nje huenda isikusumbue zaidi ya kukubana mkojo. Kama ripoti imesema tu "faibroidi nyingi", haijakamilika. Rudi mlangoni na uombe mahali paandikwe. Halafu pima damu yako. Mwanamke anayebadilisha pedi usiku kucha na kuhema akipanda ngazi huenda ana upungufu wa damu, na huo hutibiwa wakati mipango mingine ikiendelea. Zipo dawa za kupunguza damu, ipo koili yenye homoni, upo upasuaji wa kutoa faibroidi peke yake na kukiacha kizazi. Kukitoa chote ni uamuzi wa mwisho, tena wako.

Mabinti wengi siku hizi hurudi na ripoti ya ovari zenye vifuko vingi na kuambiwa homoni zimevurugika na hawatazaa. Polepole. Tangu mwaka 2003 madaktari wamekubaliana kwamba ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, ili uthibitishwe, unahitaji mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpango, dalili za homoni za kiume kama ndevu na chunusi nyingi, na muonekano wa ovari. Muonekano peke yake si ugonjwa. Kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 8 tangu avunje ungo, picha ya ovari haitumiki kabisa kutoa hukumu hiyo, kwa sababu ovari changa huwa na vifuko vingi kwa maumbile yake. Na mwenye ugonjwa wenyewe huzaa, wengine bila msaada, wengine kwa vidonge vya kupevusha yai.

Lipo pia lisiloonekana. Mirija ya uzazi iliyo mizima haionekani kwenye ultrasaundi ya kawaida, wala mashine haiwezi kusema imeziba au haijaziba, isipokuwa ikiwa imevimba kwa maji. Kwa hilo kuna kipimo cha eksirei kinachofanywa kwa kupitisha dawa ndani ya kizazi. Endometriosisi inaonekana ikishatengeneza uvimbe wa damu kwenye ovari. Vipele vyake vidogo vilivyotapakaa havionekani, na mwanamke mwenye maumivu ya kweli hurudishwa nyumbani na ripoti safi akaonekana mdeko. Maumivu yako yakiendelea baada ya ripoti safi, ni halali yako kurudi. Na wewe unayetafuta mtoto: usipande boti mara ya tatu peke yako. Kipimo cha mbegu za mume ni kikombe kimoja na nusu saa ya aibu, na sababu ya upande wake hupatikana katika nyumba nyingi ambako lawama zote zilikuwa za mke.

Kwa mimba changa, subira inaokoa. Kifuko cha mimba huonekana kwa kipimo cha ukeni karibu wiki ya 5 tangu hedhi ya mwisho, na mapigo ya moyo kuanzia kama wiki ya 6. Kwa kipimo cha juu ya tumbo huchelewa zaidi. Ukiambiwa wiki ya 6 kuwa mtoto hana moyo, uliza urefu wake. Madaktari hawatakiwi kuamua kwamba mimba imeharibika kwa kipimo kimoja cha ukeni mpaka mtoto awe amefika milimita 7 bila mapigo, au kifuko kitupu kimefika milimita 25. Chini ya hapo, hupimwa tena baada ya wiki moja au mbili kabla ya dawa yoyote ya kusafisha. Kwa mimba inayokwenda vizuri, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 limependekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Ukiwa na moja tu ya kulipia, ilipie wakati huo.

Lakini kuna maumivu yasiyongoja picha. Mwanamke aliyekosa hedhi akapata maumivu makali ya upande mmoja, akahisi kizunguzungu, au bega linamuuma bila kuumia, huenda mimba imetunga nje ya kizazi na damu inavuja tumboni. Huyo apelekwe hospitali ya Faza au moja kwa moja King Fahd ya Amu kwa chombo chochote kilichopo, usiku au mchana, na asipewe chakula wala kukandwa. Vivyo hivyo kwa anayelowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, na mwenye maumivu ya ghafla ya ovari yanayoambatana na kutapika.

Kabla ya safari isiyo ya dharura, piga simu. Uliza Faza kwanza kama kipimo chako kinafanyika huko wiki hiyo na kama mpimaji yupo, maana mashine isiyo na mtu ni samani. Kuanzia mwaka 2022 wakunga wengi wa Kenya wamefundishwa kutumia vifaa vidogo vya mkononi vinavyochomekwa kwenye simu. Vinafaa sana kwa maswali ya mimba, lakini usivitegemee kwa faibroidi na ovari. Wanaofikiwa na Safari Doctors, shirika lililoanzishwa na Umra Omar ambaye CNN ilimtaja mwaka 2016 kati ya mashujaa wake kumi, wamwombe tabibu wa mashua yao awaandikie rufaa iliyojaa maelezo. Uliza pia kama SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inakilipia kipimo hicho mahali unapokwenda, au utatoa mfukoni.

Ukimaliza, usitoke na picha tu. Kinachosomwa na daktari mwingine ni ripoti iliyoandikwa, yenye jina lako, tarehe, LMP, vipimo na sahihi. Picha zenyewe huchapwa kwenye karatasi inayochukia joto: ikikaa juani hubadilika rangi, na ukiipeleka ikapigwe plastiki hutoka nyeusi tii. Zipige picha kwa simu hapo hapo, umtumie mtu mmoja unayemwamini, kisha uzihifadhi na kadi ya kliniki ndani ya mfuko mkavu. Ultrasaundi ya mwaka huu ndiyo itakayoipa maana ya mwaka ujao.

Na kwa kuwa umeshafika hospitali, nakuomba jambo la mwisho. Ultrasaundi haipimi dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, na nchini Kenya saratani hiyo huua wanawake kuliko saratani nyingine yoyote. Kama una miaka kati ya 25 na 49, nenda chumba cha mpango wa uzazi siku iyo hiyo na useme unataka kupimwa mlango wa kizazi. Binti yako wa miaka 10 naye, muulizie chanjo ya HPV, ambayo serikali imekuwa ikiitoa tangu mwaka 2019.